Taa Iliyofichwa Kabatini: Tunachojifunza kutoka Mji wa Belmonte

(Mada iliyotolewa na ofisi ya mratibu wa miradi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika. Tunaichapisha kwa ombi la wajumbe wengi.)



Mchana wa leo, baada ya chakula, mtapiga kura juu ya fomu mpya ya kuwachagua walengwa wa mradi wa matangi ya maji ya mvua. Sharika kadhaa zimependekeza kwamba fomu hiyo iwe na nafasi ya kuandika dhehebu la mwombaji, na chini yake sahihi ya mchungaji. Wenzetu wengine wamesema wafadhili nao watafurahi kuona idadi ya waliobatizwa ikipanda mahali mradi unapokwenda. Tumeombwa kutoa mada kabla ya kura hiyo. Hatutaanza na fomu. Tutawapeleka kwanza katika mji mdogo wa Ureno, kisha tutarudi nyumbani. Tunaomba mtuvumilie.

Mji wenyewe

Mji huo unaitwa Belmonte. Uko mashariki ya Ureno ya kati, juu ya kilima, si mbali sana na mpaka wa Hispania. Ni mji mdogo kweli: wilaya yake yote haifikishi watu 7,000. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe magumu ya kijivu, na juu kabisa iko ngome ya karne ya 13. Miaka michache iliyopita, tukiwa katika safari ya kikazi Ulaya, wenyeji wetu walitupitisha hapo. Tulitoka ngomeni tukashuka kwa miguu katika vichochoro vya mtaa wa Wayahudi mpaka kwenye sinagogi. Ni mwendo mfupi, lakini habari zake zina urefu wa miaka 500.

Huenda jina la Belmonte ni geni kwenu. Lakini mtoto mmoja wa mji huo alifika kwetu. Pedro Álvares Cabral, nahodha mkuu aliyefika Brazili Aprili 1500, alizaliwa Belmonte, na baba yake ndiye aliyekuwa msimamizi wa ngome hiyo. Mwezi Julai mwaka huohuo meli zake zilitia nanga Kilwa, na baada ya hapo Malindi. Ndani ya msafara huo alikuwamo mkalimani mmoja Myahudi, aliyekamatwa na Wareno katika pwani ya India mwaka 1498, akabatizwa, akapewa jina jipya la Gaspar da Gama. Tumkumbuke mtu huyu. Tutamrudia.

Wayahudi walikuwa wameishi Belmonte tangu zamani. Limebaki jiwe la sinagogi yao ya kale, lenye maandishi ya Kiebrania na tarehe inayolingana na mwaka 1297. Maneno yaliyochongwa yametoka kwa nabii Habakuki, pale anapoiita dunia yote inyamaze mbele za Mungu aliye katika hekalu lake. Waliolichonga jiwe hilo walimaanisha ukimya wa heshima. Wajukuu wao walikuja kujifunza ukimya wa namna nyingine.

Jinsi ubatizo ulivyogeuzwa kuwa mtego

Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Ureno. Mfalme João wa Pili aliwapokea kwa malipo, kila kichwa na ada yake, na kwa muda wa miezi minane tu. Walioshindwa kuondoka muda ulipokwisha walifanywa watumwa. Watoto walinyang'anywa wazazi wao wakapelekwa kisiwa cha São Tomé, hapa katika bara letu la Afrika, na wengi wao walikufa huko.

Mfalme aliyemfuata, Manuel wa Kwanza, alianza kwa kuwaachia huru. Lakini alitaka kumwoa binti wa wafalme wa Hispania, na sharti la ndoa hiyo lilikuwa kwamba Ureno nayo isafishwe. Desemba 1496 alitoa amri: Wayahudi na Waislamu wote waondoke nchini kabla ya mwisho wa Oktoba 1497. Waislamu waliruhusiwa kwenda zao. Kwa Wayahudi mfalme alibadili nia. Walikuwa mafundi, wafanyabiashara, waganga na wataalamu, na hakupenda kuwapoteza. Basi akaamua kuwabakiza kwa kuwabatiza.

Majira ya Pasaka ya 1497, watoto wa chini ya miaka 14 walichukuliwa kutoka mikononi mwa wazazi wao, wakabatizwa na kugawiwa kwa familia za Kikristo. Wazazi waliambiwa wakusanyike Lisbon kwa ajili ya meli za kuondokea. Walipokusanyika, wengi wao hawakuona meli. Waliona maji ya ubatizo, mengine yakinyunyizwa juu ya watu waliokuwa wakipiga kelele za kukataa. Kuanzia siku hiyo Ureno ilisema haina tena Wayahudi. Ilikuwa na "Wakristo wapya".

Mwezi Julai wa mwaka huohuo, Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon kuja pwani yetu. Mabaharia wa Ureno walisaidiwa kujua njia na majedwali ya jua na nyota yaliyotayarishwa na Abraham Zacuto, Myahudi aliyekuwa akimtumikia mfalme. Zacuto mwenyewe aliikimbia Ureno ili asibatizwe kwa nguvu. Elimu yake ilibaki kazini, mwenye elimu akaenda uhamishoni.

Je, waliobatizwa kwa nguvu walipendwa kama ndugu? Aprili 1506, mjini Lisbon, fujo iliyoanzia katika kanisa la Mtakatifu Dominiko iligeuka kuwa mauaji ya siku tatu. Wakristo wapya wapatao 2,000 waliuawa, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi. Mwaka 1536 ikaanzishwa Inkwizisheni, yaani mahakama ya kanisa ya kuwachunguza wazushi. Kazi yake kubwa katika Ureno ilikuwa kuwatafuta Wakristo wapya walioendelea na mambo ya Kiyahudi nyumbani. Watu walitangaziwa dalili za kuangalia kwa jirani: nani hawashi moto jikoni siku ya Jumamosi, nani anavaa nguo safi Ijumaa jioni, nani hali nyama ya nguruwe. Jirani aliambiwa ni wajibu wake kama Mkristo kupeleka taarifa. Mahakama hiyo ilidumu mpaka mwaka 1821.

Wapendwa, hebu tuitazame dalili ile ya nguo safi. Mama anafua, anawavika watoto wake nguo nzuri, na kwa sababu hiyo anaweza kukamatwa. Hapo ndipo imani ya kulazimishwa ilipowafikisha watu.

Imani iliyohamia jikoni

Sasa tutazame walichokifanya Wayahudi wa Belmonte. Walikwenda kanisani Jumapili. Walibatiza watoto, walifunga ndoa kanisani, walizika kikanisa. Masimulizi yao yanaeleza kwamba walipovuka kizingiti cha kanisa walisema kimoyomoyo dua ya kukana sanamu za mti na mawe, na kumkiri Mungu mmoja atawalaye yote. Kisha wakapiga magoti pamoja na wengine.

Ijumaa jioni, nyumbani, mama aliwasha taa ya Sabato. Utambi ulikuwa wa nyuzi za kitani, uliosokotwa huku sala ikisemwa, na mafuta yalikuwa ya zeituni. Taa hiyo haikuwekwa mezani. Iliwekwa ndani ya kabati, au ndani ya chungu, ili mwanga usionekane dirishani. Bwana wetu alifundisha kwamba mtu hawashi taa akaifunika kwa pishi. Tunalipenda neno hilo, tunalihubiri mara kwa mara. Lakini pale Belmonte waliozifanya taa zifunikwe ni Wakristo.

Pasaka yao waliifanya siku chache baada ya tarehe yenyewe, wakati wapelelezi walipokuwa wameacha kuangalia. Mkate usiotiwa chachu uliokwa kwa siri. Siku ya Upatanisho waliiita Siku Safi, wakaifunga. Walimpenda sana malkia Esta, na haishangazi: naye aliishi katika nyumba ya mfalme akiwa ameficha kabila lake.

Hawakuwa na rabi. Hawakuwa na sinagogi. Hawakuwa na kitabu, kwa maana kitabu kikikutwa nyumbani kilikuwa ushahidi mahakamani. Tohara waliiacha, maana ni alama isiyofichika. Kiebrania kilipotea, kikabaki kidogo sana, na hasa neno moja: Adonai, yaani Bwana. Sala zilisemwa kwa Kireno, na zilihifadhiwa kichwani. Na waliozihifadhi walikuwa wanawake. Bibi alimfundisha mama, mama akamfundisha binti alipofikia umri wa kutunza siri. Wanawake wazee ndio walioongoza ibada, hata kwenye arusi na misiba. Mahakama iliweza kufunga sinagogi na kuchoma vitabu. Haikuweza kuingia katika kila jiko ambamo binti alikuwa akifundishwa na bibi yake.

Mgeni wa mwaka 1917

Karne zilipita. Wayahudi wa nchi nyingine waliamini kwamba huko Ureno mambo yale yalikuwa yamekwisha. Mwaka 1917 alifika Belmonte mhandisi wa migodi, Samuel Schwarz, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi Ureno. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alimwonya asinunue vitu kwa mwenzake fulani, kwa sababu, alisema, yule ni Myahudi. Kwa Schwarz hiyo ilikuwa habari kubwa. Akawatafuta watu hao, akawaambia kwamba yeye pia ni Myahudi.

Hawakumwamini. Kwa vizazi vingi mgeni mwenye maswali alikuwa mtu wa hatari. Isitoshe, alikuwa hajui sala zao za Kireno, nao walidhani kila Myahudi duniani anasali kwa Kireno kama wao. Alipowaambia kwamba Wayahudi husali kwa Kiebrania, mama mmoja mzee alimtaka aseme sala moja katika lugha hiyo. Schwarz akasema ile ya kumkiri Mungu mmoja, sala ambayo Myahudi hujifunza utotoni na kuisema saa ya kufa. Alipofika kwenye neno Adonai, yule bibi alifunika macho yake kwa mikono. Kisha akawathibitishia wenzake kwamba mgeni ni Myahudi kweli, kwa maana analijua jina la Adonai.

Mwaka 1925 Schwarz alichapisha kitabu juu ya watu hao na sala zao, na dunia ikajua. Yeye pia ndiye aliyelinunua jengo la sinagogi ya karne ya 15 mjini Tomar mwaka 1923, akalitoa kwa serikali mwaka 1939 ili liwe makumbusho.

Tunaomba wajumbe wahesabu pamoja nasi. Kutoka 1497 hadi 1917 ni miaka 420. Katika muda huo wote, daftari za kanisa la Belmonte zilikuwa na majina ya watu hao: ubatizo, ndoa na mazishi. Mtu aliyezisoma daftari hizo angeandika taarifa nzuri sana ya mwaka. Idadi zilikuwa kamili, na mioyo ya watu haikuwamo.

Hasara ya kujificha

Tusije tukaondoka hapa tukidhani kwamba siri ni jambo zuri. Imani ile ilihifadhiwa, lakini ililipa gharama. Lugha ya mababu ilipotea. Sikukuu nyingine zilisahauliwa. Watu walioana ndani ya koo zilezile kwa kuogopa kuingiza msaliti nyumbani. Watoto walikua wakijifunza mapema kusema neno moja nje na jingine ndani.

Hata hofu ilipokosa sababu, haikuondoka upesi. Inkwizisheni ilifutwa 1821, lakini karibu miaka 100 baadaye bibi yule bado alikuwa akimpima mgeni kwa maswali. Baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 na katiba mpya ya 1976, Wareno walipata uhuru kamili wa dini. Hata hivyo Wayahudi wa Belmonte walijitokeza polepole, na ni mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo walipojiunda kuwa jumuiya rasmi. Rabi alikuja. Wanaume watu wazima walikubali kutahiriwa. Desemba 1996, miaka 500 kamili tangu amri ya kuwafukuza, sinagogi mpya iitwayo Beit Eliahu ilifunguliwa. Mwaka 2005 likafuata jumba la makumbusho ya Kiyahudi.

Hapo napo palikuwa na uchungu. Rabi alifundisha Kiebrania, kalenda sahihi na sheria zilizosahauliwa, na katika utaratibu huo mpya wanaume ndio walioongoza ibada. Wale akina mama wazee, waliobeba sala zote kichwani, waliona sala zao za Kireno zikiwekwa kando. Baadhi yao waliendelea nyumbani kwa njia ya zamani. Wengine katika mji hawakutaka kujitokeza kabisa. Anayetaka kusaidia jamii na ajifunze hapo: hata msaada wa kweli, unaokuja na nia njema, waweza kuwanyamazisha watu walewale waliolinda kitu hicho mpaka wewe ukakikuta.

Taifa la Ureno nalo limetubu kwa matendo kadhaa. Mwaka 1989 Rais Mário Soares aliomba msamaha kwa Wayahudi akiwa katika mji mdogo mwingine wenye historia kama hiyo, Castelo de Vide. Desemba 1996 Bunge liliifuta rasmi, kwa ishara, amri ile ya 1496. Mwaka 2008 uliwekwa ukumbusho karibu na kanisa la Mtakatifu Dominiko kwa ajili ya waliouawa 1506. Na mwaka 2013 ilipitishwa sheria ya kuwapa uraia wazao wa waliofukuzwa, ikaanza kutumika 2015, ingawa masharti yake yalikazwa kuanzia 2022.

Sisi Walutheri tusinyooshe kidole

Mtu aweza kusema: hayo ni ya Wakatoliki wa Ureno, sisi ni Walutheri. Wapendwa, tuseme kweli. Martin Luther aliandika mwaka 1523 kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi, akawataka Wakristo wawatendee Wayahudi kwa upole. Alitumaini watabatizwa. Walipokosa kubatizwa kama alivyotumaini, mwaka 1543 aliandika kitabu kingine, akishauri masinagogi yachomwe moto na vitabu vyao vya sala vichukuliwe. Watu wenye nia mbaya waliyatumia maandishi hayo baadaye, hata katika karne ya 20. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani maneno hayo ya Luther na kueleza huzuni yake. Tunalisema hili ili tuone hatari ilipoanzia. Upole ule wa kwanza ulikuwa na sharti ndani yake. Sharti liliposhindikana, upole ukaisha.

Neno tulilonalo vinywani

Sasa turudi nyumbani, na tupitie Kilwa. Miaka mitano baada ya Cabral, mwaka 1505, Wareno walirudi Kilwa kwa nguvu, wakauteka mji na kujenga ngome. Ngome inayoonekana leo pale Kilwa Kisiwani ilijengwa kwa sehemu kubwa baadaye, wakati wa Waarabu wa Omani, na jina lake ni Gereza. Wataalamu wa lugha wanatueleza kwamba neno gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, igreja. Mreno alipoonyesha jengo lake akalitaja kwa jina la kanisa, mababu wa pwani walilitazama, wakaona kuta nene na mizinga na watu waliofungiwa ndani. Neno wakalipokea, na maana wakaiweka kufuatana na walichokiona.

Gaspar da Gama, yule mkalimani aliyebatizwa kwa kukamatwa, angelielewa neno hilo bila kufundishwa. Na watu wa Belmonte pia. Kila tukisema gereza tunakumbushwa kwamba kanisa likitumia nguvu, jirani hulipa jina lake halisi.

Fomu yetu

Mtasema, lakini sisi hatuna mizinga. Ni kweli. Sisi tuna matangi ya maji, mbuzi wa maziwa, ada za shule na dawa. Kwa mama anayetembea saa mbili kufuata maji, tangi lina nguvu kuliko mzinga.

Tuna ungamo la kufanya mbele yenu, na linatuhusu sisi wa ofisi, si usharika wowote. Zamani kidogo tuliendesha mradi wa mbuzi wa maziwa. Fomu yetu ilikuwa na mstari wa usharika na mstari wa sahihi ya mchungaji. Hatukuandika popote kwamba asiyebatizwa hapewi mbuzi. Lakini watu wanajua kusoma fomu hata pale ambapo hakukuandikwa kitu. Darasa la ubatizo lilijaa. Tulifurahi sana, tukaandika idadi katika taarifa yetu kwa wafadhili, nao wakafurahi. Mbuzi walipokwisha, na darasa likaisha. Mwinjilisti alipomtembelea bibi mmoja kumwuliza mbona haonekani, bibi yule alimjibu kwa upole kwamba alikuja kwa ajili ya mbuzi, na kwamba Mungu wake alikuwa amemwacha nyumbani.

Wakati ule tulimlaumu yule bibi, tukisema ametudanganya. Baada ya Belmonte tumejiuliza ni nani aliyemfundisha kudanganya. Tulimwekea mlango mmoja tu, naye akapita kwa namna mlango ulivyokuwa.

Tunazijua hoja za sharika zilizoleta pendekezo hili, na ni hoja za haki. Washarika wametoa sadaka yao. Wamebeba mawe na mchanga. Wanauliza kwa nini aliyekaa pembeni anufaike kwanza. Jibu letu ni kwamba mchango upimwe kwa mchango, si kwa cheti cha ubatizo. Kila kaya, ya Mkristo, ya Mwislamu na ya mwenye dini ya jadi, itoe nguvu kazi ileile na fedha ileile kadiri kamati itakavyoamua. Kisha wa kwanza wawe wenye shida zaidi: wazee wanaolea wajukuu, wagonjwa, wenye ulemavu, na walio mbali zaidi na maji.

Kwa marafiki wetu wafadhili tunasema hivi kwa heshima. Mtuulize ni kaya ngapi zimepata maji, ni mabinti wangapi wameacha kukosa shule kwa sababu ya ndoo, na ni matangi mangapi bado hayavuji baada ya miaka mitano. Hayo tutawajibu kwa namba, tukiwaonyesha na vitabu. Waliobatizwa tutawaambia pia, kwa furaha, lakini katika taarifa ya uinjilisti, yenye ukurasa wake. Tukizichanganya namba hizi mbili, hata sisi wenyewe hatutajua tena nani amemwamini Kristo na nani alikuwa na kiu tu.

Wala hatusemi tuache kuhubiri. Tuhubiri kwa sauti, mchana, mlango ukiwa wazi, na asiyetaka awe huru kukaa kwake bila kupoteza tone la maji. Mtu akija kwa Bwana kwa njia hiyo, tutakuwa na hakika kwamba amekuja. Hapo ndipo injili inaposikika kuwa habari njema.

Kwa hiyo mapendekezo ya ofisi kwa kura ya mchana ni matatu. Kwanza, nafasi ya dhehebu isiwekwe katika fomu. Pili, sahihi ya mchungaji iondolewe, na mahali pake ziwekwe sahihi za mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wawili wa kamati ya maji. Tatu, katika kila kamati ya maji nusu ya wajumbe wawe akina mama, na jirani zetu wa dini nyingine wawemo kwa kuchaguliwa, si kwa kualikwa tu.

Ndugu zetu, pale Belmonte leo taa ya Sabato yaweza kuwashwa mezani, dirisha likiwa wazi. Ilichukua karibu miaka 500 taa hiyo kutoka kabatini. Katika vijiji vyetu, tangi letu lisiwe sababu ya mtu yeyote kuficha taa yake. Na kama tunaamini taa yetu inaangaza, basi haina haja ya kuzima ya jirani ili ionekane.